Neno la Kimya

Nyapara alipomtaja Kimya kuwa msaidizi wake, mtu wa kwanza kupiga makofi alikuwa Timazi. Alipiga kwa nguvu, mikono imejaa vumbi la saruji, mpaka mafundi wengine waliokuwa wamepigwa na butwaa wakalazimika kumfuata.

Hakuna aliyetegemea. Timazi na Nyapara walianza wote kwa kubeba zege kichwani, wakajifunza wote kushika mwiko, wakaoa karibu wakati mmoja. Jina la Timazi, kile kipimo cha wima wa ukuta, alijipa mwenyewe, akijisifu kwamba ukuta wake haujawahi kulala upande hata uzi mmoja. Nafasi ya msaidizi ilikuwa yake. Hata nyumbani kwake walishajua. Mkewe alishawaambia majirani.

"Usinielewe vibaya, ndugu yangu," Nyapara alimwambia pembeni, karibu na lundo la mchanga. "Kwa ufundi hakuna wa kukugusa hapa. Lakini wewe na vibarua hamkai. Leo umemtukana huyu, kesho umemsukuma yule. Kimya akisema neno moja, watu wanasikia."

"Kwa sababu hana la pili," Timazi alisema, akacheka. "Mimi nimekubali, kaka. Wewe ndiye unayeona mbali."

Asubuhi iliyofuata, alipokuwa akitoka nyumbani, jirani mmoja alimwinukia kwenye kibaraza, akamwita "bwana msaidizi" na kumwombea heri. Timazi aliitikia heri hiyo kwa tabasamu. Halafu akaenda kazini, akabeba ndoo zake, akampisha Kimya njiani na kumwita mkubwa.

*

Kimya alikuwa kijana mrefu, mwembamba, mwenye aibu ya kumtazama mtu usoni. Aliishi na mama yake. Kazi ya msaidizi ilimpasa akae chini: kupokea tofali, kupima mchanganyiko, kuhakikisha hakuna anayepanda jukwaani amevaa ndala. Siku alipopewa kazi hiyo alimshika Nyapara mkono, akashindwa kuuachia.

"Ahsante, kaka. Mungu akupe."

"Nenda kafanye kazi, bwana, unaniumiza vidole."

Ilikuwa furaha kubwa mno kwa cheo kidogo namna ile, lakini Nyapara hakulifikiria. Alimpenda kijana yule. Nyumbani alimwambia mkewe kwamba amepata mtu wa kumwachia jengo akalala usingizi. Mkewe, aliyekuwa nesi katika zahanati ya mtaa, alitabasamu tu, akasema, "Umefanya jambo jema kuliko unavyojua." Na hilo nalo Nyapara hakulifikiria.

Timazi alisubiri. Hakuwa na pupa. Siku moja wakati wa chakula cha mchana, wakiwa wamekalia ndoo zilizopinduliwa, aliuliza kama mtu anayetafuta tu cha kuzungumza:

"Shemeji hajambo?"

"Hajambo."

"Mpe salamu. Hata mimi karibu nije anipime, mgongo unanisumbua. Ila Kimya amenitangulia, siku hizi hakosi pale."

"Kimya anaumwa?"

"Nitajuaje? Mgonjwa huingia mlango wa mbele, akakaa kwenye benchi na wagonjwa wenzake." Timazi alitafuna, akameza. "Aah, achana na mimi, kaka. Mdomo wangu huu utaniponza. Shemeji ni mtu wa watu, kila mtu anampenda. Hata mimi nampenda."

"Unataka kusema nini?"

"Sitaki kusema kitu. Ndiyo maana nimenyamaza."

Na kweli alinyamaza. Hakuligusa tena jambo hilo. Ila kila Kimya alipopita, Timazi alimtazama Nyapara usoni mara moja, kwa huruma, kisha akaangalia kwingine. Mwishowe Nyapara hakuhitaji kuambiwa. Aliaga kwamba anakwenda kufuata misumari, akazunguka nyuma ya zahanati, akasimama kwenye kona ya ukuta.

Aliwaona. Walikuwa karibu na tangi la maji, mlango wa nyuma ukiwa wazi. Mkewe alikuwa na sare yake nyeupe, anasema kwa sauti ya chini, kwa msisitizo, kama mtu anayebembeleza. Kimya ameinamisha kichwa. Kisha mwanamke yule akamshika mkono, akatia kitu kiganjani, akamfumbisha vidole kimoja kimoja, na kuukumbatia mkono ule kwa mikono yake miwili.

Nyapara alirudi kazini bila misumari.

*

"Kimya unamfahamu?" alimuuliza mkewe jioni ile, watoto wakiwa uani.

Mkewe alikuwa akikunja nguo. "Namfahamu. Anakuja zahanati."

"Kufanya nini?"

"Watu wanakuja zahanati kufanya nini, baba watoto?"

"Nakuuliza wewe. Anaumwa nini?"

Mwanamke aliliweka chini shati alilokuwa nalo. "Kazi yangu unaijua. Ya wagonjwa huwa siyatoi nje. Umewahi kunisikia nikimsema mtu humu ndani?"

"Mimi ni mumeo."

"Ndiyo."

"Na bado huwezi kuniambia? Hata mimi?"

"Hasa wewe," alisema. Alitaka kuongeza neno, akajizuia. "Niamini tu. Siku ikifika utaelewa."

Hasa wewe. Nyapara alilala na maneno hayo, akaamka nayo, akaenda nayo jengoni. Kila alipoyageuza yalikuwa na maana ile ile.

Kuanzia hapo nyumba ikawa na askari. Alishika simu ya mkewe akiwa anaoga. Alinusa sare yake kabla haijatiwa kwenye beseni, akaona haya, kesho yake akanusa tena. Alimuuliza binti yake mdogo mama alirudi na nani, na mtoto, kwa kuona uso wa baba, akaanza kulia kabla ya kujibu. Siku moja alikwenda zahanati wakati wa kazi, akakaa kwenye benchi na buti zake zenye zege, akamtazama mkewe akiingia na kutoka. Wagonjwa walijisogeza kumpa nafasi. Kikongwe mmoja akamuuliza anasumbuliwa na nini.

"Moyo," alijibu.

Mkewe alisikia. Sindano ilikuwa mkononi mwake, akairudisha kwenye sinia. Wenzake walijifanya wanatafuta kitu kabatini.

"Umenivua nguo mbele ya watu," alimwambia waliporudi nyumbani.

"Unayejivua ni wewe."

Mwanamke alimgeukia. Hakuelewa bado, au hakutaka kuelewa. "Kama kuna jambo unalofikiri, litaje."

Hakulitaja. Mwanamume akilitaja jambo kama lile kwa mdomo wake mwenyewe, linakuwa kweli.

*

"Vibarua wanacheka, kaka," Timazi alisema, safari hii bila kuzunguka. "Sikutaka ulisikie kwa mwingine. Wanasema nyapara amempa kijana cheo, na kijana amejiongezea mwenyewe kilichobaki."

"Nitamfukuza leo."

"Injinia atauliza sababu. Utamwambia nini? Utasimama ofisini kwake umwambie nini, wewe, mtu mzima?" Timazi alitikisa kichwa. "Mrudishe kwenye mwiko. Mpandishe ukingo wa juu kabisa akapige lipu na wenzake, mbele ya watu. Ajue nani ni nani. Atakataa. Akikataa, umempata."

"Kwa nini akatae?"

"Mtu akishazoea kukaa chini na kuamrisha, atapanda?"

Lilikuwa wazo zuri. Halikuwa na damu ndani yake, wala kelele, wala jina la mkewe. Nyapara alimshika Timazi bega, akamshukuru kwa urafiki wake.

Kesho yake asubuhi Kimya alikuwa wa kwanza kufika. Alimsubiri getini, kofia yake ngumu ikiwa mkononi, na safari hii alimtazama Nyapara usoni.

"Shikamoo, kaka. Nina neno nataka nikuambie. La faragha."

Damu ilimpanda Nyapara mpaka masikioni. Anakuja kukiri, alifikiri. Amekuja kuniambia mwenyewe, hapa, kwa mdomo wake, nimsamehe na kumwonea huruma. Nyuma yao mafundi walikuwa wanaingia, na Timazi kati yao.

"Neno lako utalisemea juu," alisema kwa sauti ya kusikika. "Chukua mwiko. Leo unapiga lipu kwenye ukingo wa ghorofa ya mwisho."

"Juu, kaka?"

"Umesahau ngazi ilipo?"

Watu walicheka. Kimya aligeuzageuza kofia mkononi. "Kaka, naomba tuongee kwanza. Mara moja tu. Juu siwezi."

"Huwezi au hutaki? Jamani, msaidizi wangu ameota kitambi siku hizi, ngazi zinamchosha!" Kicheko kikaongezeka. Nyapara alisogea karibu, akashusha sauti. "Panda. Au vua hiyo kofia urudi kwa mama yako, umwambie huna kazi."

Kimya aliangalia ngazi, kisha akamwangalia tena Nyapara, kama mtu anayetafuta mlango kwenye ukuta ambao jana ulikuwa na mlango. Akavaa kofia. Akafunga kamba yake chini ya kidevu kwa uangalifu. Alipanda polepole, akishika kila kidato kwa mikono miwili, na vibarua wakamzomea kwa uoga wake. Timazi alikuwa anachanganya saruji. Hakuinua kichwa.

Jua lilipochomoza vizuri juu ya mabati ya ghala, mwiko ulianguka kutoka juu na kugonga tofali. Watu waliinua macho kwa hasira wamtukane aliyeuachia. Wakamwona Kimya amesimama wima mno ukingoni, mkono mmoja umekakamaa hewani, shingo imegeukia begani kama mtu aliyeitwa kwa nyuma. Fundi aliyekuwa karibu naye alipiga kelele na kumrukia. Akashika hewa.

Kabla hajaanza kukimbia, Nyapara alihisi kitu ambacho hangemsimulia mtu yeyote. Kwa muda wa kupepesa jicho, kifua chake kilikuwa chepesi. Yamekwisha, alijisemea. Ndipo akakimbia.

*

Zahanati ndiyo iliyokuwa karibu. Walimbeba kwenye ubao wa jukwaa, Nyapara ameshika upande wa kichwa. Mkewe alifungua milango yote miwili, akaonyesha kitanda, akainama, akaweka vidole shingoni mwa kijana, akavihamisha, akaviweka tena. Alifanya hivyo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akavuta shuka.

Aliwatoa mafundi nje. Mumewe alibaki.

"Alikuwa wapi?"

"Juu."

"Alikwenda kufanya nini juu?" Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, sauti ya kuuliza umri wa mgonjwa. "Nani alimpandisha?"

Nyapara alivua kofia yake.

"Hakukuambia? Jana aliapa hapa kwamba asubuhi hii anakuja kwako moja kwa moja. Hakuja?"

"Alikuja."

"Alisemaje?"

"Alisema ana neno."

"Ukamwambiaje?"

Nje mtoto wa mtu alikuwa analia kwa kuogopa sindano. Nyapara aliangalia mikono yake.

"Alikuwa na kifafa," mkewe alisema. "Tangu mwaka jana. Nilimbembeleza akuambie, kila alipokuja nilimbembeleza. Aliogopa utamfukuza, wote huko mnafukuza. Akaniapisha. Ulipompa kazi ya chini alikuja hapa akacheka, sijawahi kumwona akicheka, akasema, kaka ameniokoa na hajui. Dawa nilimpa kwa mlango wa nyuma kwa sababu vibarua wako wote wanapita wa mbele. Jana nikamwambia, mume wangu amebadilika, nadhani ananiwazia mabaya, siwezi kuendelea kumficha. Akasema basi, dada, kesho namwambia. Usiharibikiwe nyumba kwa ajili yangu."

Aliishia hapo. Aliyasikia maneno yake mwenyewe, akamgeukia.

"Ulidhani nini?"

"Mama watoto..."

"Sema. Jana nililikisia, leo nataka nilisikie. Ulidhani nini kuhusu mimi na mtoto huyu?"

"Timazi aliniambia..."

"Timazi?" Mwanamke aliketi kwenye kiti cha wagonjwa. "Timazi ndiye aliyemleta hapa mara ya kwanza. Alimwokota njiani, povu limemjaa mdomoni, akambeba mgongoni mpaka hapa mlangoni. Timazi alijua. Kabla yangu mimi, Timazi alijua."

*

Alimkuta Timazi nyumbani kwake, ameketi kizingitini anaosha miguu. Nyapara alikuwa ameondoka kazini na nyundo yake kiunoni, na sasa ilikuwa mkononi.

"Ulijua."

Timazi aliiangalia nyundo, akaendelea kusugua kisigino. "Nilijua ataogopa. Nilijua atasema siwezi mbele ya watu, umvue cheo. Basi. Sikujua atapanda."

"Ulisema atakataa."

"Alikataa, kaka. Nilimsikia kwa masikio yangu. Alikuambia juu siwezi." Sasa aliinua uso, na ulikuwa umelowa, ingawa si kwa maji ya kuoshea miguu. "Aliyemwambia panda ni wewe. Mimi nilisema tu. Mimi nimekuwa nikisema tu siku zote, lini ulinisikiliza? Nilipokuambia nafasi ile ni yangu, ulinisikiliza?"

Mkono wa Nyapara ulipanda. Pazia la mlangoni likafunguliwa, na mke wa Timazi akatoa kichwa, mtoto kiunoni.

"Ah, shemeji! Poleni na msiba. Mbona mmesimama nje? Wewe, mkaribishe mwenzio ndani."

Nyundo ilishuka polepole mpaka ubavuni.

"Nimepita tu," Nyapara alisema.

Ofisini, injinia alikuwa ameshaandaa maneno. Kijana alikuwa amelewa. Hivyo ndivyo litakavyoelezwa jambo hili, na hivyo kila mtu atabaki na kazi yake. Timazi alikubali kuwa shahidi. Nyapara alipoulizwa kama naye aliiona hali ya ulevi, aliitikia kwa kichwa. Ilitosha. Makaburini watu walimpa mkono kwa heshima, wakamwita baba wa vijana. Nyuma yake alisikia mtu akimnong'oneza mwenzake kwamba pombe imewamaliza watoto wa watu.

Aliporudi nyumbani siku ile, mkewe alikuwa amekwenda kwa dada yake na watoto. Hakuacha ujumbe. Aliacha kila kitu kimepangwa: vyombo vimeoshwa, mashati yake yamekunjwa.

*

Nyapara aliendelea na kazi mpaka ukingo ule ulipopakwa lipu yote na mikono mingine. Watu walimtii kuliko zamani. Hakuna aliyecheka tena jengoni, na alipochunguza kwa uangalifu, akimhoji huyu na yule, aligundua kwamba hata zamani hakuna aliyekuwa amecheka. Vibarua hawakuwahi kusikia lolote kuhusu mkewe. Maneno yale yalikuwa yamesemwa kwa mtu mmoja tu.

Mchana wa siku aliyogundua hilo aliweka kofia yake mezani kwa injinia, akamweleza kwamba kijana hakulewa, akatoka kabla hajajibiwa. Akaenda kwa mama yake Kimya.

Ulikuwa ua wa vyumba vingi, kamba za nguo zimepishana, wapangaji wakiwa kila mmoja mlangoni mwake. Mama yule alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti nzito, ameketi kwenye mkeka. Pembeni yake, akimsaidia kukunja mashati ya mwanawe ya kugawa, alikuwa mke wa Nyapara. Alimwona mumewe akiingia. Akaendelea kukunja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu. Keti."

"Nitasimama." Alianza kwa sauti ya chini, akiangalia mkeka. "Mama, mwanao hakulewa. Alikuwa mgonjwa. Aliniambia juu hawezi, na mimi..."

"Ngoja," mama alisema. Alijiinua kwa shida, akashika nguzo. "Tangu nimemzika mwanangu, humu ndani wananiita mama wa mlevi. Mwanangu ambaye hakuwahi kuonja. Watoto wananiimbia nikienda bombani. Kama una la kusema, usininong'oneze mimi. Mimi namjua mwanangu. Waambie hao."

Nyapara aligeuka. Mlangoni mwa kila chumba kulikuwa na uso. Aliwahi kusimama mbele ya watu wengi kuliko hao na kuamrisha, na sauti haikumpotea.

"Sema," mama alisema. "Kwa sauti."

Akasema. Alisema kijana alikuwa na kifafa na hakulewa. Alisema alikuja asubuhi kumweleza, na yeye akamfanyia mzaha mbele ya watu. Alisema kwa nini: kwamba alimshuku na mke wake mwenyewe, kwamba haikuwa kweli, haikuwa kweli hata chembe, kwamba mkewe alikuwa anamtibu. Aliposema hivyo sauti ilikatika, na mama akamwambia, "Endelea," naye akaendelea. Alisema alimwambia panda au urudi kwa mama yako. Alisema alipanda. Mwanamke mmoja upande wa pili alijifunika uso kwa khanga. Mwanamume mmoja alitema mate chini.

Alipomaliza, maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye nguo.

"Ndiyo yote?" mama alimuuliza mke wa Nyapara.

"Ndiyo yote, mama."

"Basi mwambie aende."

Mkewe alisimama na rundo la mashati mikononi. Ilionekana kama atasema kitu. Midomo yake ilifunguka, na Nyapara akasogea nusu hatua. Lakini mwanamke alimshika mama mkono, akamwongoza ndani polepole, akamsaidia kuvuka kizingiti. Kisha akarudi mlangoni, akavuta pazia.